Ukurasa wa Tisa

Baba Mdogo Msellem hushona viatu Leicester,
barabara ya Narborough, kati ya kinyozi na duka la simu,
mlango mwembamba kama ulimi wa kiatu.

Mwaka juzi alikuja kijana mwenye tai ya zambarau
akamwuzia ukurasa wa kwanza
kama mtu auzaye kiwanja mawinguni:
pauni mia nne, na risiti hakuandika.
Akashindilia maneno kama anajaza gunia,
fundi viatu Leicester, viatu Leicester fundi,
fundi bora wa viatu bora vya Leicester bora,
na chini kabisa, meupe juu ya weupe,
maneno mia tatu yamejificha
kama mende nyuma ya jiko.

Wiki tatu tulikuwa wa sita.
Kisha mtambo wa kutafutia ukatushtukia.
Tukaporomoka hadi ukurasa wa tisa,
huko ambako hata mwenye duka hajitafuti.

"Chema chajiuza," alisema, misumari midomoni.
Chajiuza, nikamjibu, kikiwa na mlango.
Kuna buibui wanaotambaa usiku kucha...
"Buibui?" Akalitazama la mkewe, limetundikwa ukutani.
Si hilo. Hawa wana miguu, macho hawana,
hupita kiungo kwa kiungo wakipapasa;
picha kwao ni ukuta mtupu
mpaka uandike pembeni: hii ni soli ya ngozi,
imeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa nta.

Nikakaa naye Jumapili mbili za Novemba,
mvua ikipiga kioo, hita ikinuka vumbi.
Habari za mtambo sikumuuliza.
Nilimuuliza: watu wakiingia, wanataka kujua nini?

Zipu ya buti imekwama, nifanyeje?
Sugua mshumaa. Usivute. Ukivuta umekwisha.
Chumvi ya barabarani imeacha madoa.
Siki na maji, nusu kwa nusu, kitambaa laini.
Na hiki, kinafaa kutengenezwa, au nitupe?

Hapo alinyamaza, nyundo pajani.
"Andika: vingine nitakuambia utupe."

Nikaandika hivyo hivyo.

Nikafuta gunia zima la yule kijana.
Picha zenye uzito wa tofali nikazifanya unyoya,
maana anayetafuta amesimama kituo cha basi,
kisigino mkononi, simu imebaki asilimia nne,
hatangoja duara lizunguke.
Saa za kazi nikaziandika kwa ukweli:
Ijumaa tunafunga saa saba hadi nane na nusu.
Ramani ikaacha kupeleka watu uani kwa kinyozi.

Halafu, hakuna. Sitasema uongo.
Desemba kimya. Januari kimya.
Februari, mwalimu mmoja wa Loughborough,
Bi Heather Pocklington, akausifu ule mshumaa
kwenye jarida la shule yake, akaweka kiungo.
Mwingine akakichukua, hatumjui. Na mwingine.
Kiungo cha kununua ni jino la bandia;
hivi viliota vyenyewe, na viliuma.

Leo tu wa nne. Juu yetu wako
wenye matawi hamsini na magari yenye nembo,
sidhani tutawapita.
Baba Mdogo hajaifungua tovuti hata mara moja.

Asubuhi aliingia mzee na viatu vya kaka yake marehemu,
soli zimeachama, kamba zimefungwa bado
fundo la mtu mwingine.
Simu yake iliwaka ile sentensi.
Akaviweka juu ya kaunta, kimoja, kisha kingine.
"Haya, niambie."

Msellem akakigeuza cha kushoto,
akabonyeza kisigino kwa kidole gumba,
akatema misumari kiganjani, ili aseme vizuri:

"Hivi, bado."